Jina Nililozipa Picha za Harusi ya Butihinda

Kosa ni langu, msitafute mwingine wa kumlaumu. Mnaotaka kucheka, chekeni. Jeanine ameshacheka vya kutosha.

Mimi ni mpiga picha hapa Gitega. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi kwetu amani ilipopatikana, na mama yangu analima kijijini Mutaho. Hayo nawaambia ninyi leo. Jeanine, mwalimu wa mtaa wa Mushasha niliyekuwa nimemchumbia, nilimwambia mimi ni mtoto wa mjini hasa, na mama yuko Bujumbura kwa matibabu. Kila sentensi niliipachikia "alors" na "donc" za Kifaransa, kama mtu anayemwaga chumvi kwenye mboga asiyojua kuipika.

Basi nikapata kazi ya harusi Butihinda, kule Muyinga, kwa watu waliorudi kama mimi. Nikaenda na Jeanine aone ujanja wangu: kamera nimeiunga kwa waya kwenye kompyuta, kompyuta kwenye televisheni kubwa, na kila picha ninayopiga inatokea papo hapo mbele ya wageni.

Kabla ya kuanza, kompyuta iliuliza picha za siku hiyo ziitweje. Vumbi la njiani lilikuwa limeniudhi. Nikaandika: Washamba wa kambini. Nikajiona mcheshi kweli.

Ukumbi ulifurahi. Wazee walijiona kwenye televisheni, wakanyoosha kola. Mshereheshaji, ambaye maikrofoni haikutoka mdomoni mwake, akaanza kusoma maandishi ambayo kompyuta ilikuwa imeyaweka chini ya picha.

"Na hapa iko nani? Iko mama wa bibi harusi! Washamba wa ka..."

Akaishia hapo. Lakini shule za kambini zilifundisha kusoma vizuri; ukumbi mzima ukamalizia wenyewe.

Nikachomoa waya wa kamera. Mpumbavu mimi! Picha mpya zilikoma, ila ile ya mwisho ikabaki pale pale: mama wa watu anatabasamu, na maneno yangu chini ya kidevu chake.

Akanijia polepole. Nilijua atanitukana, nikaandaa Kifaransa. Hakunitukana. Alinitazama sana, kisha akauliza kwa upole:

"Wewe si mtoto wa Kolasita? Vibanda vyetu vilipakana. Mama yako alipougua, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni."

Nikasema amenifananisha. Ndiyo, nilimkana mama yangu mbele ya watu. Na nilimkana kwa Kiswahili kile kile cha kambini, maana Kifaransa chote kilikuwa kimenikimbia.

Jeanine akaiweka chini taa ya kupigia picha aliyokuwa amenishikia. Akamuuliza yule mama Kolasita anakaa wapi siku hizi. Akaambiwa Mutaho. Tulipofika Gitega, Jeanine akanigeukia.

"Kambi isingenisumbua," akasema. "Mi siwezi kuzeeka na mtu atakayenionea haya."

Pete nimerudishiwa. Watu wa Muyinga hawanipigii simu tena. Bibi harusi alizikataa picha zote, na sasa harusi yake haina hata moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili Jeanine huenda Mutaho kumsalimia mama yangu. Juzi nilifika nikawakuta wanachambua maharage, wanacheka. Wakaniletea kiti, wakanikaribisha kwa adabu zote za mgeni.

Ninyi mnaowaficha mama zenu ili mpendwe mjini, angalieni sana. Atatokea mtu ampende mama, akuache wewe.