Siku Diwani Alitupeleka Kuoga Kivukoni

Diwani wetu alikuwa mama wa kuuza ndizi. Watu walimchagua wakicheka, eti huyu atatuongoza na kikapu. Halafu vita ikaingia huku kwetu Nyamira, mpakani. Wanaume wa sauti kubwa wakapotelea mjini, akabaki yeye. Ndiye alipanga nani alale shuleni na nani apikie watoto.

Siku moja watu wa ng'ambo ya mto wakachoma nyumba za jirani zetu. Vijana wetu wakanoa panga, wakasema jioni wanavuka mto kulipiza. Kitinda mimba wangu alikuwa mbele yao. Nikamshika shati.

"Mama, wacha! Leo ni leo."

Shati ikararuka, akaenda. Nilijua akivuka, nitaletewa maiti.

Nikakimbia kwa diwani nikilia. Nikampata anamenya ndizi.

"Wewe umeoga leo?" akaniuliza.

"Kuoga gani, mheshimiwa! Mtoto anaenda kufa!"

"Beba sabuni. Ita wamama wote wenye vijana wao wako huko. Na wenye wakwe wako huko, hao wakae mbele kabisa."

Hapo nikaelewa, hata nikasahau kulia. Sisi Wakisii tuko na chinsoni, ile heshima ya kuonea haya wazazi. Kijana hawezi kuona mama yake akioga. Na mama mkwe, uwi! Hata njiani anampisha. Na kivuko ni kimoja tu.

Tukashuka kivukoni, tukavua nguo. Maji baridi, meno yanagongana. Ng'ambo tunaona watu wamejificha kwa majani chai, upinde mkononi. Huku nyuma vijana wetu wanashuka wakiimba. Nikaomba Mungu na povu machoni.

Wimbo ukakatika.

Diwani hakugeuka. Akapaza sauti, "Nani huko? Pita, baba, kama unaweza! Mama mkwe wako anasugua mgongo!"

Panga ikaanguka kwa mawe. Halafu nikasikia miguu, mbio, ikirudi mlimani. Nikaangalia ng'ambo: na wale pia wamefunika macho, wanarudi nyuma. Si nao wako na mama!

Tukataka kutoka. "Wanaweza kurudi," diwani akasema. "Sugua!" Tukasugua mpaka giza, tunatetemeka, tunacheka.

Kijana wangu nilimpata nyuma ya nyumba na shati yake iliyoraruka. Hakuniangalia. Nikamwekea ugali mlangoni. Sasa ni baba mzima, ndevu imejaa, na akienda mtoni anaanza kukohoa akiwa bado kwa shamba la ndizi.