Mkunga Asiyetajwa

Mchana wa Alhamisi nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na usingizi wake. Pazia lilivuta pumzi na kuitoa, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, na harufu ya mafuta ya mashine ilichanganyika na ya nguo mpya. Wanawake wa kundi la kusoma Maandiko walikaa juu ya chochote kilichokalika, hata juu ya majora ya vitambaa. Bi Taratibu alikaa karibu na dirisha, mkono wa kulia ameufunika kwa mtandio wake.

Jina hilo alipewa na akina mama. Miaka yote aliyokuwa mkunga pale zahanati, mwanamke akishikwa na uchungu alimwambia neno hilo moja tu, taratibu. Nusu ya mtaa iliingia duniani ikilisikia. Fundi cherehani alikuwa akisema kwamba wengi wao hawajalitii tangu siku ile.

Kazi aliiacha kwa sababu ya mkono. Siku moja alikuwa anafunga kitovu cha mtoto, akaona vidole vinachezacheza kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka. Alidhani ni njaa. Akala, vikaendelea. Akamwita muuguzi kijana amalizie, akavua aproni, na hakuivaa tena.

Sasa binti yake kitinda mimba alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, maana mumewe ni dereva wa malori na yuko mbali. Tangu afike alikuwa na ombi moja.

"Mama, mimi nataka unipokelee mtoto wewe."

"Mikono yangu imestaafu, mwanangu. Wauguzi wapo."

"Wauguzi siwajui."

"Watakujua wao."

Binti hakulirudia ombi. Alianza tu kuosha vyombo kwa kelele, na Bi Taratibu alijua maana ya kelele zile. Usiku alikuwa akiutazama mkono wake kitandani kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwaibisha mbele ya watu.

Alhamisi ile walikuwa wamefika pale Injili inaposimulia kuzaliwa kwa mtoto. Aliyewaongoza kusoma ni Mwalimu, mzee mwembamba aliyestaafu shule, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alisoma kwa sauti ya chini, akafunga kitabu kidole kikiwa katikati. Bi Taratibu, ambaye huwa hasemi, akasema.

"Mwalimu, nani alimpokea mtoto?"

"Bi Taratibu anamtafuta mfanyakazi mwenzake," fundi cherehani akasema, na wenzake wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Hajatajwa."

"Nalisikia neno hili tangu utoto, na kila mara nasubiri atajwe. Siku zikatimia, akazaa, basi. Kama mtu kafungua mlango akaufunga kabla hujachungulia."

"Si wewe wa kwanza kuuliza," alisema Mwalimu. "Watu waliuliza zamani sana, miaka kadhaa baada ya Injili kuandikwa. Mmoja akaandika hadithi nzima. Lakini hiyo haikupokelewa kuwa Maandiko. Iliachwa nje."

Mke wa mwashi, ambaye ni mtu wa kushika taratibu za kanisa, akavuta miguu yake ndani ya gauni. "Kama iliachwa nje, sisi tuiingize ndani kwa nini?"

"Siingizi, mama. Ukitaka kujua maneno ya mgeni sebuleni yaliwagusa vipi watu wa nyumba, sikiliza watoto wanavyobishana uani baada ya mgeni kuondoka. Maneno ya watoto si ya mgeni. Lakini utajua walisikia nini, na walikwama wapi."

Mke wa mwashi alisema yeye atasikiliza, ila asiombwe kusema amina. Wakakubaliana hivyo.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu alikuja na karatasi zilizopigwa chapa, akawasimulia kwa maneno yake. Alisema katika andiko hilo la nje mume anamwacha mkewe pangoni, anatoka kwenda kutafuta mkunga, na akiwa njiani dunia inasimama. Ndege wametundikwa angani. Vibarua wamezunguka bakuli, mikono imo ndani na haitoki. Mchungaji kainua fimbo, fimbo imebaki juu. Halafu, mara moja, kila kitu kinaendelea na safari yake.

Bi Taratibu alisikia mwili wake ukiwa mwepesi. Kusimama kule alikujua. Chumba cha uzazi kina kitambo hicho, mtoto ameshatoka na bado hajalia, na wote waliomo wanakuwa kama picha ukutani. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ni jambo lake peke yake, na kumbe mtu wa kale sana, ambaye hata jina lake halijulikani, alikuwa amelisikia au amesimuliwa na mkunga wa kwao.

Mwalimu aliendelea. Mkunga anapatikana, anaona mambo ya ajabu. Anakuja mwanamke wa pili, huyu hasadiki kwamba bikira amezaa, anataka apime kwa mkono wake. Mkono unaungua na kunyauka. Kisha anaambiwa amwinue mtoto, anamwinua, na mkono unapona.

Chini ya mtandio, mkono wa Bi Taratibu ukaruka.

Siku ile alirudi nyumbani kama anayetembea ndani ya maji. Mziba pancha alikuwa ameinua nyundo, na Bi Taratibu akaona nyundo imekaa juu muda mrefu kuliko kawaida. Mwanamke aliyekuwa anamwaga maji ya kufulia alibaki ameinama, na maji yalining'inia mbele ya beseni kama shuka linaloanikwa. Akapita katikati yao polepole asije akawaamsha. Alipofika nyumbani alimkuta binti yake jikoni.

"Nitampokea mimi," akasema.

Binti aliweka sahani chini bila kelele yoyote.

Kuanzia hapo Bi Taratibu aliishi nusu macho nusu usingizini. Alipiga pasi aproni. Mchana alijilaza akaota mkono wake umelala kitandani umetulia, kama jiwe chini ya kijito. Akiamka unacheza, lakini hakujali. Alikuwa anahesabu kwamba kucheza huko ni kwa muda tu.

Ila mkunga ni mkunga. Asubuhi moja alijaribu kufunga uzi kwenye mguu wa meza, uzi ukamshinda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu wa meza hautoki damu. Akatoka kwenda kwa Mwalimu.

Alimkuta barazani kwake anapepeta mchele.

"Mwalimu, nikimwinua mjukuu wangu mkono si utapona?"

Mwalimu aliacha ungo. Kuku wakaanza kuusogelea, akawafukuza. "Dada yangu," akasema, "kosa ni langu. Nilisoma nikaenda zangu. Yule aliyeandika hakuandika dawa. Ile sentensi fupi ya Injili ilimkaa kooni kama ilivyokukaa wewe, akajitungia jibu."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Ni jibu la mtu aliyelipenda swali. Linatusaidia likiturudisha kwenye Injili. Umeona yeye pangoni kajaza watu, mwanga, mikono. Haya, Injili yenyewe imeweka mikono ya nani?"

Akaingia ndani, akaja na kitabu. Bi Taratibu alisoma kwa kufuatisha kidole, na kidole kilitetemeka hata mistari nayo ikaonekana kutetemeka. Mama alizaa. Mama alimfunga mtoto nguo za kitoto. Mama alimlaza. Akarudia, akitafuta mtu mwingine humo, hakumpata.

"Kamfunga mwenyewe," akasema.

"Wapo wanaosimama hapohapo uliposimama," Mwalimu alisema. "Ukitoka kwenye ile hadithi yenye watu wengi ukarudi hapa, unasikia ukimya wake. Wengine husema mwandishi alifupisha tu. Mimi sijui."

"Mimi naona hakumsahau mkunga. Alikuwa anamtazama mama."

Alisema hivyo, kisha akalia kidogo, maana kuelewa ni jambo moja na mkono ni jambo jingine. Mwalimu aligeukia mchele wake, akapepeta kwa bidii kuliko ilivyohitajika.

Jioni Bi Taratibu alimwambia binti ukweli wote, na jinsi alivyotaka kumfanya mjukuu kuwa kidonge. Binti aligeukia vyombo vyake.

"Kwa hiyo huji."

"Nakuja. Muuguzi atapokea, mimi nitakaa nyuma yako."

"Nyuma ufanye nini, Mama?"

"Sijui. Sijawahi kukaa upande huo."

Uchungu ulianza alfajiri, na jua lilikuwa limeshapanda walipofikia mwisho wake. Pale zahanati Bi Taratibu alipanda kitandani na mwili wake wa uzee, binti akamwegemea kifuani. Kutoka huko hakuona chochote alichozoea kuona. Aliona kisogo cha mwanawe kilicholowa jasho, na alama ya unyevu darini yenye umbo la sikio. Alingoja dunia isimame. Haikusimama. Nje mkokoteni ulipita ukilalamika, na kwenye korido mtu aligombana na mwenzake kuhusu ndoo iliyopotea. Mkono wake ulitetemeka juu ya bega la binti, binti akaushika kwa nguvu, akasukuma. Mtoto akalia ndoo bado haijapatikana.

Muuguzi alipokwisha kumfuta alinyoosha kitambaa amfunge.

"Mpe mama yake," Bi Taratibu akasema.

Muuguzi alimtazama, akafanya hivyo. Binti alikunja upande mmoja, akakunjua, akakunja tena. Bi Taratibu aliona kila kosa. Mkono wake ulinyooka wenyewe kwenda kusahihisha, akaurudisha.

"Nimemfunga vibaya, eti?"

"Kidogo."

"Mguu umetoka nje, Mama."

"Uache. Akisikia baridi atakwambia."