Mahindi chini ya miguu ya bachungaji

Nitaisimulia miye mwenyewe, juu nikiachia bantu ba Katuba, mutaa wetu, baisimulie bataongeza mbuzi na polisi, na hakukuwa mbuzi wala polisi, kulikuwa tu kuku moja, mama mukwe wangu, na miye, na aibu yote ni yangu.

Miye ni muntu wa nyumba. Mvua ikinyesha sitoki, jua ikiwaka sitoki, na siku yenye haina mvua wala jua natafuta sababu ingine. Ndiyo maana kazi ya kupaka rangi sanamu ndogo ilinipendeza: unakaa, unakunja mugongo, na bantu banafikiri unafanya kitu.

Sanamu zenyewe zilikuwa za mama mukwe, kreshi ya Noeli yenye baba yake, muntu wa reli, alimuachia: Yozefu, Maria, bachungaji batatu na kondoo, kila moja urefu wa kidole, na Mutoto Yesu mwenye ukubwa wa karanga na maganda yake. Rangi ilikuwa imebambuka mpaka hukujua nani Yozefu, nani muchungaji. Mwaka ule akatuma neno kupitia muke wangu Georgine (kwetu mama mukwe hasemezani na mukwe wake, hawashikani mukono, wakikutana njiani mumoja anapita pembeni, miaka kumi na moja ya ndoa, hakuniambia hata bonjour). Neno lilikuwa hivi: nikizitengeneza muzuri, zitabaki kwetu. Nikishindwa, zitaenda Kasapa kwa mukwe mwenzangu, ule mwenye diplome na kabati ya vioo.

Nikaangalia video moja ku telefone, nikajiona fundi. Nikabandika kila sanamu na kole juu ya kifuniko cha chupa ili nipate pa kushika, nikachukua rangi ya mafuta yenye ilibaki siku tulipaka mulango, nzito kama mboga ya sombe ya jana, na sikuichanganya na kitu (nani alikuwa na haraka ya kutafuta petroli?). Yozefu akapoteza pua. Macho nikayatia na kijiti cha kiberiti, na kila mumoja akatoka kama muntu mwenye kuona nyoka, hata kondoo. Georgine akaangalia, akauliza kama malaika alikuja kubapa habari njema ao kubafukuza mu nyumba.

Sasa video ikasema kila sanamu isimame juu ya kibao, kibao kipakwe kole, kole imwagiwe muchanga, basi itakuwa kama udongo wa kweli. Muchanga wetu ulikuwa inje, na inje ilikuwa mvua ya Desemba. Mu jikoni kulikuwa mahindi ya kuvunjavunja, kavu, rangi ya dhahabu, Betlehemu yenyewe. Nikamwaga. Nilikosea hapo tu, bandugu. Ile ingine yote ilijifanya yenyewe.

Siku ya Noeli kreshi ikapangwa ku meza fupi mbele ya altare, na nitasema kweli, kwa mbali ilikuwa muzuri. Mama mukwe, benchi ya kwanza, akavaa miwani, akaangalia muda murefu, akamunong'onezea Georgine kitu. Georgine akageuka, akaniinamishia kichwa. Zilikuwa zetu! Mukwe mwenzangu, pembeni yangu ku benchi ya baume, akakohoa, na miye nikamupa kitambaa kwa roho safi.

Kisha matoleo. Kama kila sikukuu, bantu bakapanda bakicheza, na miwa, na unga, na kuku wazima, bakabiweka chini ya altare. Kuku moja, kamba ya miguu haikukazwa. Akasimama, akajitikisa, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona meza imeandaliwa.

Alianza na bachungaji. Kila akidonoa, mumoja anaanguka, na koro inaendelea kuimba, na miye namwomba Mungu kuku ashibe. Kisha akafika kwa Mutoto. Kibao chake kilikuwa kidogo sana, kwa hiyo hakusumbuka kudonoa: akabeba vyote pamoja, akashuka na Yesu mu mudomo katikati ya kanisa.

Miye mwenye sikimbii hata mvua, nikaruka. Kuku akaingia chini ya benchi ya kwanza, miye nyuma yake, tumbo chini, kichwa mu giza ya bitenge na biatu. Nikanyoosha mukono, nikapata muguu. Nikaukaza. Nikavuta. Ndipo nikaona kuku anatokea upande wa pili, na miguu yake yote mbili, bila haraka.

Na koro ikamaliza kuimba wakati ule ule.

"Mukwe," sauti ikasema juu yangu, pole pole, "achilia muguu yangu."

Miaka kumi na moja, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Padri akajificha nyuma ya kitabu. Kanisa ikacheka mpaka muntu mumoja akaanzisha tena wimbo kwa huruma. Georgine akaokota Mutoto karibu na mulango, bila kibao, na bila uso.

Sanamu zikaenda Kasapa siku ile ile. Nikatuma kitenge kwa mama mukwe cha kufuta aibu, na kikapokelewa. Lakini baada ya wiki tatu Georgine akafungua kitambaa mbele yangu, Mutoto akiwa ndani.

"Mama anasema huyu ubaki naye. Umurudishie uso. Na chini yake usitie chakula."

Niko naye mpaka leo. Nimenunua rangi ya maji na burashi ya nywele tatu, nimemupaka uso mara saba, na kila mara jicho moja linaangalia Zambia. Nitaanza tena. Lakini kibao chake ni mbao tupu, nimeapa, na siku ya sikukuu nitakaa benchi ya mwisho kabisa, mikono mu mufuko, hata kuku akibeba altare.