Pikipiki Iliyopakwa Siagi

Kila mwaka, theluji ikikaribia kuifunga barabara ya Kargil, Chosphel huilaza pikipiki yake. Sisi wa kijiji hiki hatusemi anaihifadhi. Tunasema anailaza, maana ukimwona anavyoizunguka na matambara yake, huku akiisemesha kwa sauti ya chini, utadhani ana kichanga ndani. Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, tangu alipokuwa tarishi wa posta wa bonde zima la Zanskar, huku kwetu kwenye milima ya Himalaya. Na tusidanganyane, pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu hata siku alipoinunua kwa mwanajeshi aliyekuwa akihamishwa.

Lakini mwaka ule kulikuwa na jambo zaidi ya kulaza. Mwaka ule Chosphel alikuwa ameiponza pikipiki kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa kwenye karamu ya kumaliza mavuno ya shayiri. Angdus, kaka wa mkewe, mwenye pikapu na mwenye kujua bei ya kila kitu mpaka Leh, alimwambia mbele ya watu: "Shemeji, kuna mwenye nyumba ya wageni mjini anaitaka hiyo pikipiki yako. Si ya kuendesha, usitishike! Anataka aiweke getini, apande maua juu ya tangi, watalii waipige picha."

Watu wakaangua kicheko. Chosphel alikuwa ameshashusha bakuli la nne la pombe ya shayiri. Akasimama, akajishika kiuno. "Barabara ikifunguliwa, njoo na hiyo pikapu yako. Nitapigwa kiki tatu hapa mbele ya kijiji kizima. Isipowaka kwa kiki tatu, ibebe! Pandeni maua, pandeni hata viazi!"

"Kiki tatu zinapigwa, hazikupigi wewe," Angdus alimrekebisha. "Umeshalewa, shemeji. Lakini tumesikia."

Jamani, kunywa mtu anywe, lakini viapo vya nini?

Asubuhi alipozinduka, kichwa kikimgonga, alikumbuka neno kwa neno. Na kilichompa jasho haikuwa pikipiki. Pikipiki aliijua, ingewaka. Shida ilikuwa goti lake la kulia. Tangu kiangazi goti lile lilikuwa likimlegea bila taarifa, mara akishuka ngazi, mara akiinama kufunga kiatu, na kiki ya pikipiki ile si mchezo, ukiikosea inakurudishia teke. Hakumwambia mtu. Hasa hakumwambia mkewe, Kunzes, kwa sababu Kunzes akishajua jambo huwa halimtoki mdomoni mpaka mwaka ugeuke.

Basi akaanza kazi ya kulaza, na safari hii kwa bidii ya mtu aliyeshikwa pabaya. Akamwaga petroli yote kwenye dumu. Akabadilisha oili. Akasokomeza tambara kwenye eksozi ili panya wasihamie humo. Betri akaipeleka jikoni karibu na tanuri, ikapewa blanketi, na Kunzes akauliza kama italishwa supu pia. Pikipiki yenyewe akaisukuma hadi zizini, akaisimamisha juu ya mbao. Nyumba zetu ndivyo zilivyo: msimu wa baridi watu tunashukia jiko la chini, na zizi liko upande wa pili wa ukuta, ili joto la wanyama litufae na letu liwafae wao. Chosphel aliona hakuna mahali pazuri zaidi.

Kisha akafungua kopo la grisi, akakuta tupu. Lori la mwisho lilikuwa limeshaondoka, theluji imeshaanza kushuka mlimani, na vyuma vile havingemaliza miezi sita bila kushika kutu. Hapo ndipo alipopata akili yake kubwa. Kila mwaka mpya mkewe hupaka tone la siagi kwenye mlango, kwenye nguzo ya jiko, kwenye vichwa vya wageni, na kwenye usukani wa pikipiki pia, iwe na heri. Kama tone moja linaleta heri, kibuyu kizima je? Akanyata hadi ghalani, akachota siagi ya miaka miwili iliyowekwa kuwashia taa za madhabahu, akaipaka pikipiki kuanzia taa ya mbele hadi mkia. Spoki moja moja. Akamalizia na siti, ngozi isikauke.

Tukiwa wakweli, kazi ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba ndani ya zizi lile mlikuwa na mbuzi kumi na wanne.

Usiku na mchana wa Desemba, Kunzes alikuwa akisokota sufu huku akisikia ng'ambo ya ukuta mlio wa ajabu, kama mtu anaramba bakuli. "Baba Rinchen, wanyama wako wana nini?"

"Wana furaha," alijibu Chosphel, hajanyanyua hata kichwa.

Kumbe kweli walikuwa na furaha. Siku mbili kabla ya mwaka mpya, Kunzes alikwenda zizini na kijitone chake cha siagi cha heri, na tukasikia kicheko mpaka nyumba ya tatu. Chosphel alipotimua mbio kwenda kutazama, alikuta vyuma viking'aa, vimerambwa pande zote, havina hata alama ya kutu. Ila siti haikuwapo. Palikuwa na springi tu, na mbuzi mmoja jike amesimama pembeni, kipande cha ngozi kinaning'inia mdomoni.

"Siagi ya madhabahu!" Kunzes alisema alipopata pumzi. "Umechukua siagi ya miungu ukawalisha mbuzi, na mbuzi wakaona wateremshie na kiti! Wewe mwanamume, wewe!"

"Kutu haikushika," Chosphel alisema.

"Haikushika, ndiyo. Na utakalia nini? Utakaa juu ya springi, kijiji kikuone unavyorukaruka?"

Wanaume wote wa kijiji walikuja kuaga mwaka nyumbani kwake mwaka ule, na kila mmoja aliomba aone zizi kwanza. Walimwuliza kama magurudumu nayo yangepikwa. Chosphel alijikaza kisabuni, akawamiminia chai ya siagi, na wakauliza kama hii ni ya kunywa au ya kupaka.

Basi Januari na Februari yote, huku mto umeganda na hakuna pa kwenda, alikaa kando ya tanuri akisokota manyoya ya yaki, wale ng'ombe wetu wa nywele ndefu, kama wanaume wa hapa wanavyosokota, lakini ya kwake yalikuwa ya siti. Alisuka, akashona, akajaza sufu. Ikatoka siti nyeusi, pana, yenye nywele. Kunzes aliitazama akasema inafanana na mjomba wake mmoja wa Padum.

Na kila mkewe alipotoka kwenda kuchota maji, Chosphel alisimama, akashika nguzo ya jiko, akapiga kiki hewani kwa mguu wa kulia. Moja. Mbili. Ya tatu goti lilikataa. Alifanya hivyo kila siku, na kila siku ya tatu ilikataa. Siku moja aligeuka, akamkuta Kunzes mlangoni na ndoo zake.

"Nguzo imekukosea nini?"

"Napasha miguu moto."

"Mguu mmoja tu ndio una baridi?" Kunzes aliweka ndoo chini, akaingia kukoroga supu. Hakusema zaidi, na hapo ndipo Chosphel alipoogopa, kwa maana mkewe kunyamaza si kawaida.

Barabara ilifunguliwa mwishoni mwa Mei. Siku ya tatu pikapu ya Angdus ikaingia kijijini inapiga honi. "Kamba nimekuja nazo mwenyewe, shemeji, usihangaike!"

Kijiji kizima kikakaa juu ya ukuta wa shamba. Chosphel alikuwa ameshafunga betri, ametia petroli, amesafisha plagi mara nne. Alipoisukuma nje na siti yake ya nywele, watu walipiga makofi. Miaka thelathini na mmoja. Alijiona akibaki mtu wa kukaa mlangoni, na pikipiki iko mjini imeota maua. Alikanyaga kiki, akaomba kimoyomoyo, akashusha.

Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza.

"Moja!" Angdus akahesabu kwa raha.

Akashusha tena. Kiki ikarudisha teke, goti likatoka chini yake, na Chosphel akaangukia matako kwenye vumbi. Hakuna aliyecheka. Alijaribu kusimama, mguu haukumsikia. Akajaribu tena. Kisha akabaki ameinamisha kichwa, akijifanya anakung'uta vumbi, na sote tukaona kwamba machozi yanamlengalenga.

Angdus akatupa kamba kwenye pikapu. "Shemeji, basi. Mimi nilikuwa natania tu. Yaishe."

"Niliapa," alisema Chosphel. "Imebaki moja. Nipeni mkono nisimame."

Lakini Kunzes alikuwa ameshashuka ukutani. Alichopeka upindo wa kanzu yake kwenye mshipi, akasimama kando ya pikipiki. "Uliapa kiki tatu. Ulisema za mguu wa nani?"

Watu wakatazamana. Angdus akarudi nyuma, akampisha dada yake.

"Mama Rinchen, itakuvunja," Chosphel alisema kutoka chini.

"Nielekeze. Na usinipigie kelele."

Akamwelekeza, hapo hapo vumbini alipokaa. Shusha taratibu mpaka ikugomee. Hapo. Rudisha kidogo. Usikunje mguu. Sasa! Kunzes akaipiga kama anavyomfukuza dume la yaki kwenye ngano, na pikipiki ikalipuka, ikatoa moshi, ikaanza kunguruma ule mngurumo wake wa polepole. Watu waliruka ukutani wakipiga kelele. Angdus mwenyewe ndiye aliyemwinua shemeji yake, akamsogeza karibu.

Kunzes alikuwa ameshaketi kwenye siti, mikono imeng'ang'ania usukani, macho yamemtoka. "Nikiachia hapa itazima?"

"Itazima."

"Basi panda."

"Nipande wapi?"

"Nyuma. Kwani nyuma hakukaliwi na watu?"

Angdus alimsaidia kuvusha mguu. Katika miaka thelathini na mmoja, Chosphel hakuwahi kuketi pale. Alihangaika, akashika siti, akaiacha, akashika hewa.

"Mikono niweke wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pale nilipokuwa naweka mimi."

Akamshika kiuno. Pikipiki ikaruka mbele, ikayumba, ikanyooka, na Angdus akawafuata na pikapu tupu kwa tahadhari. Walikwenda hadi darajani kwa gia ya kwanza, Chosphel akipiga kelele, "Klachi! Klachi!" na mkewe akimjibu kwamba abiria hasemi na dereva.