Dini ya Mrithi

Mara ya kwanza kuulizwa hadharani nilikuwa kuruta wa jeshi la kujenga taifa, nimetoka kumaliza kidato cha sita. Jumapili asubuhi afande alitupanga uwanjani: Wakristo kushoto, Waislamu kulia. Mimi nilibaki katikati.

"Wewe kuruta, uko wapi?"

"Sina upande, afande."

Alicheka, na kombania nzima ikacheka naye. "Jeshini hakuna asiye na upande. Kaoshe masufuria mpaka uupate." Wiki iliyofuata nikasimama kulia, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Nilidhani mambo hayo yanaishia kambini.

Nilipotoka nikasomea ualimu, nikapangiwa shule huku Ruponda. Kila likizo nilikwenda kwetu Nandagala kupulizia mikorosho ya baba salfa, kwa kuwa kifua chake kilikuwa hakiwezi tena ile dawa. Kaka yangu alikuwa na duka Nachingwea mjini. Yeye peke yake nilimwambia kwamba siamini. Akasema, "Usimwambie mama." Sikumwambia.

Baba alipofariki, kaka akafungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo, na warithi wote tukaitwa kutoa maelezo. Siku yenyewe, mama akiwa jikoni anachemsha mihogo, kaka aliniita uani.

"Dada, leo utashika msahafu?"

"Nitaomba kuthibitisha bila kuapa. Sheria inaruhusu."

"Mwislamu harithiwi na asiye Mwislamu. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Basi shika msahafu, uchukue haki yako. Ukikataa, nami nikaulizwa, siwezi kudanganya mbele ya Mungu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sitaki mikorosho yako. Nakutaka wewe urudi."

Ningemchukia, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa anasema kweli.

Mama alikuwa ametusikia. Njiani alinishika mkono, akanong'ona, "Sema tu, mwanangu. Mdomo si moyo." Ndivyo nilivyojua kwamba ameshajua.

Kaka aliapa kwanza. Alisema kila kitu kama kilivyokuwa, hata kwamba mikorosho ile niliihudumia mimi. Nilitafuta neno moja la kupinga, nikalikosa.

Likaja jina langu. Nilikuwa nimejitanda ushungi kwa heshima ya mama. Karani alininyooshea msahafu bila hata kuuliza.

"Naomba kuthibitisha," nikasema.

Hakimu aliinua kichwa. "Wewe si Mwislamu?"

"Mheshimiwa, nitasema kweli tupu."

"Sijauliza kama utasema kweli. Nauliza dini yako, kwa sababu mwombaji anataka mirathi hii igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na marehemu aliishi Kiislamu. Una dini gani?"

Mlango ulikuwa wazi, watu wamejaa mpaka kwenye baraza, na baadhi yao nawafundishia watoto. Nikijibu Uislamu, nimeanza ushahidi kwa uongo. Nikijibu sina, nimejitoa mwenyewe kwenye jasho langu, na mama yangu anakwenda kuzungumzwa kisimani. Mama alikuwa anasokota pindo la kanga yake kidoleni, anakunjua, anasokota tena. Kaka alitazama sakafu.

"Sina dini, mheshimiwa."

Minong'ono ikapita chumba kizima. Hakimu aliandika, akauliza kama ndivyo nilivyokuwa siku baba alipofariki. Nikasema ndivyo. Akanishukuru kwa ukweli wangu. Hukumu ilipotoka, mimi sikuwa mrithi.

Mama alipata thumuni yake, fungu la nane la mjane, na kaka akamkatia upande ule wa mikorosho niliyoizoea. Msimu ulipofika mama akapiga simu, nami nikaenda kupulizia kama zamani. Kaka alikuja shambani na chupa ya maji baridi. Akasema mlango uko wazi: nitamke shahada mbele ya shehe, naye atanipa fungu langu kutoka mkononi mwake. Nilikunywa maji yake, nikamshukuru. Hakunisukuma, lakini kila nikienda anarudia, kwa upole uleule.

Huku Ruponda habari zilinitangulia. Wazazi bado wananisalimia, ila mmoja aliomba mwanawe ahamishiwe mkondo mwingine.

Juzi nilikuwa na mama tunabangua korosho za kula. Aliacha kazi, akaniangalia.

"Ukifa wewe, nani atakuosha?"

"Watu watanizika tu, mama."

"Watu gani?"

Mama akavuta ungo karibu yake, akaendelea kubangua.