Maji ya Lambo

Mwanangu alikuwa na miezi saba daktari alipotuambia kwamba figo zake zimejaa vifuko vya maji, na kwamba ugonjwa huo ameurithi kwangu na kwa baba yake, ingawa sisi wenyewe hatuumwi. Mengine hayakuniingia. Nilishika moja tu: presha yake iko juu, asipewe chumvi.

Sasa, kijijini kwetu, upande wa Sepuka, maji ya kisima yana chumvi. Ukifulia, sabuni haitoi povu. Ya kunywa nilimchemshia ya mvua, lakini ya kumwogeshea yakaanza kunitisha. Chumvi inayokauka nyeupe kwenye ndoo, itashindwaje kupenya ngozi ya mtoto? Sikumuuliza mtu. Kila asubuhi nilimbeba mgongoni hadi lamboni, kwenye bwawa la maji ya mvua, mwendo wa saa nzima, nikamkalisha kwenye maji ya ukingoni, akayapiga kwa viganja na kucheka. Mama mkwe alinisifu. Miezi minne nilitembea hivyo, hadi hata kuitikia salamu njiani kukawa kazi.

Kisha mkojo wake ukatoka mwekundu. Nikajua figo ndiyo basi tena. Nililia njia nzima hadi hospitali ya mjini, na sikuona aibu.

Daktari alipopata majibu ya mkojo aliniuliza, "Mama, mtoto huyu unamwogeshea wapi?"

Nikamweleza, tena kwa kujisifu kidogo.

Akasema taratibu, "Hiki ni kichocho. Vijidudu vyake vinaishi kwenye maji ya lambo na vinapenya ngozi. Chumvi ya kisima haipenyi."

Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa mpole. Angenifokea ningepata pa kushika. Alitoa dawa ya kusaga, akasema damu itakoma, na figo tutaendelea kuziangalia kama zamani.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe mlangoni, na magoti yake mabovu, kando ya ndoo iliyojaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo pumzika, mwanangu. Nimekwenda lamboni mwenyewe."

Niliimwaga yote palepale. Akaitazama ardhi ikinywa.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Figo nilimpa bila kujua. Kichocho nimempeleka kukichukua kwa miguu yangu mwenyewe."

Alinyoosha mikono apewe mtoto, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba fundo la kanga alilifungua yeye.