Simu Iliyovikataa Vidole vya Rhoda

Rhoda wa Masuguru alikata mkonge miaka thelathini. Simu mpya aliyonunuliwa na bintiye, ya kufungua kwa alama ya kidole, ikavikataa vidole vyake vyote kumi. "Hii inataka mikono ya wavivu," alifoka, akikitamani kitochi chake, simu yake ya zamani ya batani.

"Mkonge umekula alama zako, mama," alisema jirani yake, Kudra. "Labda ujaribu mguu," akaongeza kwa utani.

Rhoda hakucheka. Alivua kandambili, akasajili dole gumba la mguu, kisha akaligusisha tena. Simu ikafunguka.

Aliliinamia dole lile lililokaa ndani ya buti miaka yote ile, laini, lenye mistari yake yote, akalitazama kama anavyotazamwa mtoto mchanga.

"Kumbe nilibaki kidogo," alinong'ona.